Moja kwa Mia

Wanauita muziki wa chumbani.
Chumba chenyewe ni banda la kupimia samaki, Igombe;
ukuta wa upande wa ziwa ulikwenda na mvua za mwaka juzi,
na mizani bado inaning'inia katikati,
ndoano tupu juu ya kichwa cha Nkwabi
aliyekumbatia sello kama mtu anayemketisha mgonjwa.

Mimi kazi yangu kupindua kurasa.
Nota sizijui. Holo, aliyeutunga, alinichukua
kwa sababu ya mikono: miaka kumi na mmoja
nimewasha karabai za dagaa,
nimebadilisha utambi gizani, mtumbwi ukiyumba,
na sikupasua kioo.
"Nkwabi akitikisa kichwa, pindua. Usihemee karatasi."

Alinieleza mara moja tu, tumekalia kreti za soda.
Kuna nyota, jina lake tarakimu tupu,
mbali hata nuru yake hutufikia imezeeka.
Sayari yake hakuna aliyewahi kuiona.
Ila kila siku ya kumi na tisa nyota hufifia,
moja kwa mia, saa tatu hivi, kisha hurudi.
Basi wanajua: kuna kitu kimepita mbele.
Ukurasa wa saba viola itashika sauti moja, ndefu,
na sello, chini yake, itapungua moja kwa mia.

"Nani atasikia?" akauliza Mafuru wa viola.
Holo alikuwa akichokoa mwiba wa sato kwenye jino.
"Si lazima asikie," akasema. "Apungukiwe tu."

Nikacheka peke yangu. Kitu hicho nakijua.
Usiku wa giza, karabai ikinguruma,
dagaa wakipanda kama maji yanayotokota,
mdudu mmoja hukatiza mbele ya kioo.
Humwoni, taa ni kali mno.
Lakini mng'aro juu ya maji hulegea kidogo,
dagaa wa pembeni hugeuka,
na nahodha aliyesinzia hufumbua jicho: "Nini?"
"Hamna kitu."
Miaka kumi na mmoja nimesema hamna kitu.

Wakachagua usiku ambao mwezi haujaandama.
Wakaja wanawake wa vichanja, wananuka jua la mchana,
mwalimu wa fizikia kutoka Ilemela, kamba ya kiatu inaburuta,
na watoto waliodhani ni sinema.
Nje taa za wavuvi zilikwisha kutapakaa,
siku hizi za sola, nyeupe, hazingurumi.
Mtoto mmoja akaanza kuzihesabu
akavuka mpaka mbinguni bila kujua.

Ukurasa wa tatu, vidole vinadonoa nyuzi.
Wa tano, fidla zinapanda hadi mbwa wa nje anasimama.
Wa sita wakaja wadudu wa ziwa,
ule moshi wenye mabawa,
wakaifuata taa yangu, wakatua kwenye karatasi,
wengine juu ya mistari, wengine katikati.
Minza, fidla ya pili, akawapiga. Naapa.
Akapiga nota na wadudu pamoja.
Gizani kule, Holo akainua nyusi.

Ukurasa wa saba.
Mafuru kafumba macho, upinde unakwenda
kana kwamba ule mti hauna ncha.
Nikaingoja sello.
Ukweli niuseme: sikusikia kitu.
Ila Mama Nyanjige, safu ya mbele,
yule anayepima dagaa kwa kopo pale mwaloni,
akavuta kanga mabegani, akageuka nyuma
kama mtu aliyefunguliwa mlango.
"Nani kapita?"

Jibu langu la siku zote lilikuwa ulimini.
Nikalimeza. Nkwabi akatikisa kichwa. Akatikisa tena.
Na mimi, mwenye mikono isiyopasua kioo,
nilikuwa nimesahau kupindua.
Ile sauti moja ikabidi iendelee,
ndefu kuliko ilivyoandikwa,
na juu yetu ile ndoano
ikashuka kidogo, kama iliyotundikwa kitu.